Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa benki yangu: dola za mawese zilipatikana, za kinu hazikupatikana

Ndugu Mkurugenzi,

Salaam, na shikamoo kama umri wako unaidai. Jina la benki yako nalisitiri. Wateja wenzangu wa Singida watalitambua kwa foleni tu.

Mwaka 2024, kabla ya mavuno, nilileta kwenye kaunta yako ankara ya shafti ya kinu cha kukamulia alizeti, kutoka India. Shilingi zilikuwemo kwenye akaunti, tena kwako. Nikaambiwa dola zikipatikana nitapigiwa simu. Mei kinu kimesimama. Juni kimesimama. Julai wakulima wanapita getini kwangu na magunia yao kumfuata mlanguzi, kinu kimesimama. Wafugaji wa kuku wakahamia kwingine kutafuta mashudu, vijana wangu wa zamu wakatawanyika. Simu yenu ilikuja mwishoni mwa mwaka. Ahsanteni.

Sababu nazijua, msinisomeshe. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023 benki kuu ya Marekani ilipandisha riba kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, mitaji ikakimbilia huko. Dola iliyokuwa kama shilingi 2,300 ikapanda hadi karibu 2,700. Sawa, dola zilikuwa chache. Hizo chache alipewa nani?

Maana maduka ya hapa mjini hayakukosa hata siku moja mafuta ya mawese ya Malaysia na Indonesia. Kuna benki iliyomuuzia mwagizaji dola zake. Dola ya kununua mafuta ikapatikana, ya kukamua mafuta ikakosekana, na kinu kimesimama. Hongera kwa hesabu hiyo.

Wataalamu wenu, kwenye semina za chai na sambusa, hutuambia watu wakinunua uchumi unakua. Unakua wapi? Dumu la mawese linalonunuliwa Singida huongezwa kwenye Pato la Taifa kama matumizi, kisha thamani yake hutolewa kama bidhaa ya nje. Kinachobaki kwetu ni ushuru na faida ya mwenye lori na mwenye duka. Pengo la dola linaloachwa na bidhaa za nje linazibwa kwa mikopo. Julai 2022 IMF ilituidhinishia zaidi ya dola bilioni 1. Mkopo wa dola hulipwa kwa dola, nazo zitatoka wapi kinu kikiwa kimesimama? Wala kosa hili si la benki yako peke yake. Mtaji wa nje ukiingia, viongozi wetu wote wamo kwenye picha. Ukitoka kwa mlango wa kontena la mawese, hayupo hata mmoja.

Naomba, kwa heshima iliyobaki, mtangaze dola mlizouza mwaka 2024 ziligawanywaje: ngapi kwa bidhaa za kula na kumaliza, ngapi kwa mitambo na vipuri. Majina siyahitaji. Na makato ya kila mwezi mliyoendelea kuyakata kwenye fedha zilezile mlizonizuia kuzitumia, yarudisheni. Alizeti inaanza kuvunwa Mei, nijibiwe kabla.

Mwenye kinu, Singida