Damu Haina Saa

Tukitaka kusema jambo limetokea upesi sana, husema "kufumba na kufumbua". Tarehe 15 Septemba 2025, jijini Tokyo, msemo huo uligeuka kobe. Alphonce Felix Simbu wa Singida alimaliza marathoni ya mashindano ya dunia kwa saa 2:09:48. Amanal Petros wa Ujerumani naye akaandikiwa 2:09:48. Ikabidi picha ya mstarini iamue, na picha ikasema Simbu ametangulia kwa sekunde 0.03. Kope hazijawahi kushuka na kupanda kwa muda mfupi hivyo.

Wiki ile, kijiweni kwetu, mzee mmoja ninayemheshimu aliufunga mjadala mzima kwa sentensi moja. "Wale watu wa Singida, mbio ziko kwenye damu." Watu wakaitikia, kahawa ikamiminwa, tukahamia kwenye Simba na Yanga.

Sikumjibu mzee, kwa adabu. Namjibu hapa. Mwaka 2016, kwenye Olimpiki ya Rio, Simbu alikuwa wa 5. Mwaka 2017, kwenye mashindano ya dunia ya London, akapata shaba. Olimpiki ya Paris 2024 akawa wa 17. Aprili 2025 akawa wa pili Boston, na miezi mitano baadaye akatwaa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano ya dunia ya riadha. Damu ni ile ile. Singida iko pale pale. Kama damu ndiyo iliyoshinda Tokyo, basi Paris ilikuwa imesafiri kwenda wapi?

Kauli hii husemwa kwa sifa, ndiyo maana haijibiwi. Lakini itazame vizuri: inachukua jasho la mtu mzima na kulikabidhi kwa mababu zake. Na ina pacha wake, mbaya zaidi, kwamba ratiba, vipimo, mashine na majaribio ya viatu ni mambo ya Wazungu kwa sababu wao hawakujaliwa. Sisi tunakimbia kwa asili.

Kielelezo kipenzi cha wenye imani hii ni Abebe Bikila wa Ethiopia, marathoni ya Olimpiki ya Rome 1960, peku. Mtoto wa Afrika, hana kiatu wala mwalimu, anawaacha walimwengu wote nyuma. Kiatu ni kweli hakuvaa. Mwalimu alikuwa naye: Onni Niskanen, raia wa Sweden aliyefanya kazi Ethiopia na kuwanoa wanamichezo wa kikosi cha walinzi wa mfalme, alikotumikia Bikila. Na kukimbia peku ulikuwa uamuzi. Viatu alivyopata havikumkaa, ilhali nyayo zake zilishazoea mazoezi ya peku. Mtu amejaribu kifaa, amekiona hakifai, amekikataa. Makampuni ya viatu siku hizi huajiri watu kwa kazi hiyo hiyo. Miaka minne baadaye, Tokyo, Bikila alivaa viatu na soksi akashinda tena kwa 2:12:11, muda ambao hakuna aliyekuwa ameufikia, wiki kama sita tu tangu apasuliwe kidole tumbo. Mbona picha hiyo siioni kwenye vibanda vya vinyozi?

Wapo wanaojiona wasomi zaidi, hao hawasemi damu, wanasema milima. La Paz iko juu zaidi ya mita 3,600. Nitajieni bingwa wa marathoni wa dunia kutoka Bolivia.

Sikatai kwamba mwili una fungu lake. Mguu mwembamba chini ya goti ni mzigo mdogo wa kuinua mara maelfu, na kukulia juu kunausaidia mwili kutumia hewa haba. Lakini miili ya namna hiyo imejaa Mbulu kwetu, imejaa Iten kule Kenya, imejaa Bekoji kule Ethiopia. Wataalamu kama Yannis Pitsiladis wamekusanya sampuli za wakimbiaji wa Kenya na Ethiopia kwa miaka mingi wakitafuta siri kwenye jeni, na jeni moja ya ubingwa haijaonekana. Kinachoonekana, ukienda kutazama, ni daftari.

Eliud Kipchoge anayo madaftari ya miaka mingi, ameandika humo alichokimbia, siku kwa siku. Alianza kwa kumwomba ratiba jirani yake wa kijijini kwao Nandi; akaifuata, akarudi kuomba nyingine. Jirani huyo alikuwa Patrick Sang, mshindi wa fedha wa mita 3,000 kuruka viunzi na maji katika Olimpiki ya Barcelona 1992, aliyekuwa pia amesoma chuo kikuu Texas. Hebu pima bahati hiyo: kijana ana kipaji, na jirani anayejua kukipangia kazi. Vijana wangapi wa Mbulu wana kipaji na jirani yao anajua mahindi tu?

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Berlin 2015. Kipchoge alikimbia na kiatu kipya cha majaribio, na njiani soli za ndani zikaanza kuchomoza kisiginoni. Kilomita baada ya kilomita zikawa zinapigapiga kama ulimi wa mbwa aliyechoka, miguu ikapata malengelenge na damu. Alishinda, kwa 2:04:00. Kijiwe kitasema: umeona, damu hiyo! Damu ilikuwepo kweli, ndani ya kiatu. Kilichotokea ni kifaa kufeli mtihani mbele ya dunia nzima, na mtahini alikuwa Mkenya. Mei 2017, kule Monza, Kipchoge akakimbia 2:00:25 na kiatu kingine, chenye bamba la kaboni. Oktoba 2019, Vienna, akakimbia 1:59:40, akikingwa upepo na wakimbiaji 41 waliopokezana kwa mpangilio uliopimwa, gari likiwachorea mwanga wa kasi barabarani. Kwa mipango yote hiyo muda ule haukuingizwa kwenye rekodi, na ni sawa. Lakini asitokee mtu kuniambia siku ile ilikuwa ya asili.

Sasa waje wale wa upande wa pili, wanaosema ni viatu tu, mnunulie kijana kiatu cha bei na medali itakuja. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti uliowapandisha Wakenya 7 wa kiwango cha dunia kwenye mashine ya kukimbilia, wakabadilishiwa viatu vya kisasa huku nishati waliyotumia ikipimwa na kulinganishwa na kiatu bapa cha zamani. Matokeo yalitawanyika vibaya. Kulikuwa na mtu na kiatu waliopatana hata akaokoa asilimia 11.4. Kulikuwa na mtu na kiatu waliogombana hata akapoteza asilimia 11.3. Hawa ni Wakenya kwa Wakenya, na viatu vyote ni vya fahari. Kwa macho hutambui, na mkimbiaji mwenyewe hawezi kuapa. Lazima apimwe, yeye, na kiatu kile, siku ile. Bila hivyo unamvisha kijana bahati nasibu.

Wanaojua thamani ya kupima hawakusubiri ruhusa ya kijiwe. Marius Bakken wa Norway, mkimbiaji wa mita 5,000 aliyekuja kuwa daktari, alikwenda Kenya kufanya mazoezi na kujifunza. Akaunganisha aliyoyaona huko na vipimo vya laktiki, akitoboa ngozi na kusoma kwenye tone la damu kama mazoezi yamekuwa makali kupita kiasi. Vipimo hivyo alivirudia maelfu ya mara. Kutoka kwenye kazi yake Norway ilijenga mtindo wa mazoezi uliomlea Jakob Ingebrigtsen, bingwa wa Olimpiki wa mita 1,500 Tokyo na wa mita 5,000 Paris. Damu tunayoitungia ngano, wao waliitoboa wakaisoma tarakimu.

Naambiwa vipimo ni ghali. Baadhi, ndiyo. Lakini mzani wa bafuni si ghali. Mpime kijana kabla ya kilomita 20 na baada yake: kila kilo iliyopungua ni karibu lita moja ya maji aliyotoa jasho, na sasa unajua chupa zake ziwe ngapi. Wanga uliohifadhiwa misulini na kwenye ini hukaribia kwisha baada ya kilomita kama 30. Ndipo wengi wanapogonga ukuta. Anayefika kwenye meza ya vinywaji vya marathoni kubwa bila kuwahi kujaribu, mazoezini, kunywa kitu kitamu huku anakimbia, tumbo litamkataa mbele ya kamera. Mtanzania Juma Ikangaa alipoteza Boston 1988 kwa sekunde moja. Katika mchezo wenye tofauti kama hizo, chupa ni kifaa, na daftari ni kifaa.

Basi kwa nini imani ya damu haifi? Kwa sababu inawafaa watu. Ukiamini mbio ni za kuzaliwa, humlipi kocha, hununui saa, hujengi uwanja, hupeleki kijana maabara. Unasubiri. Akitokea mmoja, unakwenda kumpokea uwanja wa ndege na mashada ya maua, unasema ni damu ya taifa. Asipotokea, unasema vijana wa siku hizi wavivu. Sijui kazi nyingine ambayo mtu analipwa mshahara kwa kusubiri ukoo.

Miaka michache iliyopita nilihudhuria mashindano ya wilaya moja, siitaji. Mita 10,000, uwanja wa vumbi, mistari ya majivu. Kijana mmoja, mwembamba, jezi imeazimwa, aliwaacha wenzake mpaka akaanza kuwapita tena kwa nyuma. Mwalimu alikuwa anapiga muda kwa kiswaswadu chake. Mzunguko wa 19 simu ikaita, akapokea, na alipomaliza kuongea saa ilikuwa imejifuta. Watu walicheka. Baadaye niliomba kuona karatasi ya matokeo. Kwenye safu ya nafasi waliandika 1. Kwenye safu ya muda wakapiga kistari.