Ukifungia vijana TikTok, utakuwa umefungia laini ya mama

Hebu nikuulize, msomaji. Ile simu unayoingilia TikTok ukiwa nyumbani, laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani?

Hapa Kwanza wengi watajibu: ya mama. Mchana simu inapokea pesa za mahindi kwa M-Pesa, usiku kijana wa Kidato cha Pili anaiwekea bando ya bob 20 na kuzama.

Tangu 10 Desemba 2025, Australia imezuia walio chini ya miaka 16 kuwa na akaunti kwenye mitandao mikubwa ya kijamii. Wazazi wengi wanataka tuige. Hofu yao naielewa. Kuna watu wazima wanaotongoza watoto inboksi, kuna kamari, kuna picha za aibu zinazosambaa usiku mmoja na msichana hataki tena kurudi shule. Hizo si porojo.

Lakini marufuku itamshika nani? Programu ikiuliza umri, itajibiwa na akaunti ya mama. Majirani zetu wa Uganda walifungiwa Facebook Januari 2021. Wakafanyaje? Wengi waliweka VPN wakaendelea kuposti. Vijana wetu nao watajificha tu. Na anayejificha akitishwa na tapeli hasemi, maana itabidi kwanza akiri alikuwa mahali alipokatazwa. Hapo ndipo hatari yenyewe iko.

Shuleni simu ni marufuku muhula mzima. Likizo ikifika, mwanafunzi yuleyule anakesha mpaka saa kumi alfajiri. Kunyimwa hakukumfundisha kujizuia.

Mimi nasema tuwabane wenye mitandao kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mzazi atoe idhini kabla data za mtoto kutumiwa, na kampuni iwe na njia ya kuhakikisha umri. Mbona hatuulizi kama inafuatwa?

Nyumbani nako, mkubaliane saa ya simu kurudi kwa mama. Mzazi, mwambie mtoto: ukikutana na baya huko, nitakusikiliza kabla ya kukugombeza. Nawe kijana, akikuahidi hivyo, mwamini umwambie. Usingoje mpaka picha zifike kwa grupu ya darasa.