Kabla ya Kuhamia Gisenyi, Itazame Sebeya

Wanaotuuliza kama wakati umefika wa kufunga mizigo Kigali na kuhamia Gisenyi wamekuwa wengi, na wanastahili jibu la kweli kuliko sifa za Ziwa Kivu. Swali lao ni la haki. Kodi ya nyumba imewasukuma walimu, makarani na mafundi mpaka Ruyenzi na Nyamata, nje kabisa ya mipaka ya jiji, na kila alfajiri wanapanga foleni ya basi ili warudi mjini kutafuta riziki. Jioni wanaipanga tena. Sensa ya 2022 iliikuta Kigali na watu 1,745,555. Miaka kumi kabla yake walikuwa milioni moja na laki moja na ushee. Serikali ya Rwanda yenyewe iliuona mzigo huo mapema, ndiyo maana tangu 2013 imeiteua miji sita iusaidie mji mkuu: Muhanga, Huye, Rusizi, Musanze, Nyagatare na huu wetu wa Rubavu, yaani Gisenyi. Basi anayewaza kuhama hawazi upuuzi.

Tatizo ni namna anavyoamua. Wengi huja Gisenyi mwezi wa saba, jua likiwa kali na anga safi. Wanaoga ziwani, wanakula sambaza wa kukaanga, usiku wanazitazama taa za mitumbwi ya wavuvi juu ya maji, na Jumatatu wakiwa kwenye basi la kurudi wanaambiana kwamba huko ndiko kwa kuishi. Hayo ni mapumziko, ndugu zangu, na mapumziko hayatoshi kuwa hoja ya kuhamisha watoto shule. Kila mji una siku nzuri. Mji mdogo upimwe kwa siku yake mbaya: siku mto unapofurika, siku mpaka unapofungwa, siku mtoto anapougua usiku na hospitali kubwa iko Kigali. Ukiona kwamba siku hiyo unaiweza, hama kwa moyo mweupe. Ukiona huiwezi, baki ulipo, wala usimwonee haya mtu.

Nitatoa mfano wa Nyundo, kwa sababu wengi wanaokuja Gisenyi na kuona nyumba za mjini ni ghali huishia kuonyeshwa viwanja vya huku. Barabara itokayo Musanze ikishapita Mahoko hufuata bonde la mto Sebeya kuteremka ziwani, na Nyundo iko kwenye bonde hilo na vilima vyake, kilomita chache kabla ya mji. Si mahali pa kudharauliwa. Misheni ilianza hapa mwaka 1901. Mwaka 1952 Aloys Bigirumwami, Mnyarwanda wa kwanza kuwa askofu, alikabidhiwa eneo la Nyundo alisimamie. Kuna kanisa kuu, kuna seminari, kuna shule ya sanaa iliyofundisha wachongaji na wachoraji wa vizazi kadhaa. Udongo wa volkano unatoa viazi, karoti na vitunguu. Mashamba ya chai ya Pfunda yako jirani. Mtu anaweza kuishi Nyundo maisha ya heshima kabisa.

Lakini Sebeya iko chini hapo. Usiku wa tarehe 2 kuamkia 3 Mei 2023 mvua ilinyesha juu milimani, na mto ukashuka na matope, mawe na miti. Mafuriko na maporomoko ya usiku ule yaliua watu zaidi ya 130 katika magharibi na kaskazini ya nchi, na Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Nyumba zilizobomoka kote zilihesabiwa kwa maelfu. Watu walikuwa wamelala. Walioamka waliyakuta maji yamekwisha kupita mlango, wakapanda juu ya kilima gizani wakiwa na watoto mgongoni, na asubuhi waliposhuka walikuta matope yamefika dirishani. Familia zilikaa kambini muda mrefu, na wengine walikatazwa kurudi walikotoka kwa sababu pale hapakufaa tena kujengwa.

Hili nalisema kwa sababu dalali hatalisema. Kiwanja cha bondeni, tambarare, karibu na barabara ya lami, kwa bei inayomshangaza mtu wa Kigali, kina bei hiyo kwa sababu. Kanuni za nchi zinataka nyumba ikae mita 50 kutoka ziwani na mita 10 kutoka kwenye mto mkubwa, lakini maji ya 2023 hayakusimama kwenye mita ya kumi. Kwa hiyo usitosheke na hati ya ardhi tu. Nenda kwenye ofisi ya umurenge, yaani ya kata, uulize mpango kabambe unasema nini juu ya kiwanja hicho. Kisha mtafute mzee au mama aliyekaa hapo miaka mingi, umsalimie vizuri, umwombe akuonyeshe maji yalifika wapi. Atakuonyesha kwa kidole. Jenga juu ya kidole chake, hata kama utapanda kilima kwa miguu kila siku ya maisha yako.

Siku mbaya ya pili ni ya mpaka, na hii ndiyo inayowadanganya wafanyabiashara. Nenda Petite Barrière, kivuko cha kwenda Goma upande wa Kongo, mlango unapofunguliwa asubuhi. Utaona akina mama wenye mabeseni ya nyanya na karoti kichwani, wenye madumu ya maziwa, wenye kuku. Utaona ndugu zetu wenye ulemavu wakisukumwa juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu zilizosheheni magunia mpaka dereva haonekani. Kabla ya korona, watu waliovuka hapo kwa siku walihesabiwa kwa makumi ya maelfu, na ulikuwa miongoni mwa mipaka inayovukwa sana kwa miguu Afrika nzima. Si ajabu kwamba Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu iliundwa mwaka 1976 hapahapa Gisenyi na makao yake yakawekwa hapa. Ukiuona msongamano ule utasema: hapa nikifungua duka, silali njaa.

Machi 2020 mlango ule ulifungwa kwa ajili ya korona. Mama aliyeuza nyanya Goma alirudi nazo Gisenyi, akakuta wenzake wote wamerudi na nyanya zao, na hapakuwa na wa kumuuzia. Hakuumia peke yake. Mwenye pikipiki aliyembeba kila asubuhi alikosa abiria, mwenye nyumba alikosa kodi, na mwenye mgahawa alipunguza sufuria. Juni 2022, baada ya risasi kupigwa mpakani, upande wa Kongo ukaanza kufunga saa tisa alasiri, saa ambayo biashara nyingi ndiyo kwanza zimechangamka. Hapo ndipo panapojulikana udogo wa mji. Gisenyi inasimama kwa mpaka, kwa bia ya Bralirwa iliyoanza hapa miaka ya 1950, kwa chai, kwa shamba na kwa wageni wa ziwani. Mguu mmoja ukiteguka, kila mtu anachechemea, hata yule asiyewahi kuuza kitu Goma.

Goma inaathiri hata kodi ya nyumba. Wako watu wengi wanaofanya kazi upande ule na kulala upande huu, na wenye nyumba wanalijua hilo. Anayetoka Kigali akidhani nyumba nzuri ya Gisenyi itapatikana kwa bei ya bure atashindana na mtu anayelipwa kwa dola.

Mlima na vita sitavisemea sana; kila mtu amesikia. Volkano ya Nyiragongo, juu ya Goma, ililipuka tarehe 22 Mei 2021, na matetemeko ya siku zilizofuata yakapasua nyumba na maduka hapa mjini. Januari 2025 Goma ilipokuwa ikipiganiwa, mabomu yalivuka mpaka na raia wakauawa upande wetu. Baadaye benki za Goma zikafungwa na watu wa kule wakawa wanavuka kuja Gisenyi kutafuta pesa zao. Anayehamia hapa anahamia kwenye ujirani huo, pamoja na heri na shari yake.

Mtu ataniambia: siku mbaya hata Kigali zipo. Ni kweli, na mafuriko yamewatoa watu mabondeni huko pia. Tofauti ni kwamba Kigali soko moja likifa kuna jingine mtaa wa pili, mwajiri mmoja akifunga kuna mwingine wa kubishiwa hodi. Mji mdogo una milango michache. Ndiyo maana swali la kwanza la mtu anayetaka kuhama lisiwe nyumba, liwe riziki: pesa yangu itatoka wapi mwezi ule mpaka utakapofungwa? Fundi umeme, muuguzi, mwalimu, mshonaji, mtu mwenye kazi ya kompyuta anayoifanya popote penye intaneti, hao wana jibu. Kijana anayekimbia tu kodi ya Kigali, hana ujuzi wala mtaji, akitegemea kwamba mji mdogo utamhurumia, hana jibu, na namwomba asije bado. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Hata ujuzi nao upimwe: itazameni shule ya muziki. Ilifunguliwa Nyundo mwaka 2014, vijana wakaja kutoka nchi nzima, na kwa miaka michache jina la Nyundo likasikika redioni kila siku. Walipohitimu walikwenda Kigali, kwa sababu studio na majukwaa yako huko. Baadaye shule yenyewe ilihamishiwa Muhanga. Mji mdogo unaweza kumlea mtu vizuri sana bila kuwa na uwezo wa kumlisha kwa ufundi wake. Yafaa mzazi na kijana walijue hilo mapema, wasije wakaulaumu mji kwa kile ambacho haukukiahidi.

Na ukihama, hama kweli. Ndugu zetu wa Tanzania walituonyesha jambo hili serikali yao ilipoanza kuhamia Dodoma kwa nguvu mwaka 2016, baada ya uamuzi uliokuwa umekaa tangu 1973. Wapo waliojenga, wakaleta watoto, wakapanda miti, na leo ni wenyeji. Wapo pia waliohamisha meza ya ofisi tu. Familia ilibaki Dar es Salaam na kila Ijumaa jioni wakawa safarini. Hao wa pili walilipa gharama za miji miwili na hawakupata jirani hata katika mmoja. Kutoka Gisenyi mpaka Kigali ni zaidi ya kilomita 150 za kona na milima, saa tatu na zaidi kwa basi. Asiyekuwa tayari kuwaleta mke au mume na watoto ajue kwamba barabara hiyo itamchukulia mshahara na nguvu.

Kwa upande wa watu, sina hofu kwa anayekuja kwa adabu. Kiswahili hapa hakikungoja kufanywa lugha rasmi mwaka 2017. Mtaa wa Majengo kinazungumzwa tangu enzi za wazee, na sokoni kitakufikisha popote. Lakini nyumba kwa nyumba watu wanasalimiana kwa Kinyarwanda, na mgeni anayejikalia nyuma ya geti lake atajikuta peke yake siku ya msiba. Nenda umuganda, kazi ya pamoja ya jamii. Jumamosi ya mwisho wa mwezi shika jembe, jitambulishe kwa mkuu wa umudugudu, yaani wa kijiji, ujue ni nani ana gari na ni nani muuguzi. Usiku ule wa Sebeya waliogongewa mlango mapema walikuwa wale ambao jirani alijua kwamba wamo ndani.

Kwa hiyo nasema kwa anayeuliza: ukiwa na kazi isiyokufa mpaka ukifungwa, akiba ya kukulisha miezi kadhaa, familia iliyokubali, na nyumba iliyo juu ya alama ya maji, njoo, tunakuhitaji, maana miji hii haitakua kwa maazimio ya serikali peke yake. Ukikosa mojawapo, ngoja ulipate kwanza. Na usije kuangalia mwezi wa saba. Njoo mwezi wa tano, mvua za masika zikiwa bado zinanyesha. Panga chumba Nyundo kwa mwezi mmoja, usikilize mto usiku, uende mpakani alfajiri, ndipo uzungumze na dalali.