Tumbo Linauma, Nyayo Zinakandwa

Ukitoka geti dogo kuelekea kituo cha daladala, utaliona bango limepigiliwa kwenye nguzo ya umeme. Mabinti wa hosteli wanalijua kuliko ratiba ya mitihani. Chango la kike, hedhi kuvurugika, mirija kuziba, kizazi kuchafuka: vyote vinatibiwa kwa kukandwa nyayo. Ukipiga simu unaambiwa kikao kimoja ni shilingi 20,000 na "dozi" ni vikao sita. Hiyo ni 120,000, yaani wiki mbili za kula kwa anayetegemea bumu, tena ajibane kwelikweli.

Sina ugomvi na kukandwa miguu. Nilishakwenda, nikalala kwenye kile kitanda, mafuta ya nazi, chumba kimya, nikatoka mwepesi. Ugomvi wangu ni na lile bango. Kukandwa kunaweza kukutuliza. Hakuzibui mirija wala hakusafishi kizazi, na kizazi chenyewe hakina uchafu wa kusafishwa. Damu ya hedhi inatoka na utando wa ndani ya kizazi unaobomoka pale mimba isipotunga. Si sumu, si taka.

Wenyewe wanaiita rifleksolojia, na ukiuliza wanakwambia ni elimu ya kale ya Wachina. Lakini ile ramani ya nyayo iliyobandikwa ukutani kwao imetoka Marekani, karne iliyopita tu. William Fitzgerald, daktari wa masikio, pua na koo, aliugawa mwili katika kanda kumi. Kwenye miaka ya 1930 Eunice Ingham akaichora ramani hiyo kwenye nyayo. Kizazi kikawekwa chini ya kifundo cha mguu upande wa ndani, ovari upande wa nje. Hakuna aliyethibitisha kwamba kubonyeza hapo kunatengeneza chochote kwenye kizazi. Zipo tafiti ndogo, baadhi zimefanywa Iran kwa wanafunzi wa kike wa vyuo kama sisi, zilizoripoti kwamba maumivu yalipungua. Sizikatai. Ila mtu aliyeshikwa miguu taratibu kwa dakika arobaini atajisikia nafuu kwa vyovyote, na ni vigumu kutenganisha kama ni pointi zile zilizosaidia au ni ule utulivu.

Maumivu yenyewe yana maelezo yake. Hedhi inapoanza, utando wa kizazi hutoa kemikali zinazoitwa prostaglandini. Ndizo zinazoufanya msuli wa kizazi ukaze na kuachia ili damu itoke. Zikiwa nyingi, msuli unakaza mpaka damu inayokwenda kuulisha inapungua, na hapo ndipo unajikunja kitandani. Zikifika kwenye utumbo unaharisha juu yake. Kwa hiyo ukimsikia mtu anasema binti anadeka, mwambie akasome tena baiolojia. Ibuprofeni inapunguza utengenezaji wa kemikali hizo, ndiyo maana inasaidia zaidi ukiimeza mapema, pamoja na chakula, kuliko kusubiri mpaka unalia. (Mwenye vidonda vya tumbo au pumu aulize kwanza.) Chupa ya maji ya moto tumboni nayo inasaidia, na haiuzwi kwa vikao.

Halafu hiyo hedhi "kuvurugika". Mkandaji aliniuliza mzunguko wangu, nikasema siku 33, akatikisa kichwa: tayari kuna tatizo, kila mwanamke ni 28. Si kweli. Kwa mtu mzima siku 21 hadi 35 ni kawaida. Anza kuhesabu siku ya kwanza ya damu, ishia siku moja kabla ya damu inayofuata, andika kwenye kalenda ya simu. Ukiwa na miezi mitatu iliyoandikwa, hakuna wa kukubabaisha, na daktari akikuuliza unajibu kwa tarehe.

Kinachonitisha ni muda tunaopoteza. Dada mmoja wa kozi yetu, aliyeniruhusu kuandika hili bila jina, alimaliza dozi mbili akiwa mwaka wa kwanza. Alikuwa anajaza pedi kila saa, akaambiwa ni uchafu unatoka. Mwaka wa pili alianguka kwenye ngazi za maktaba. Hospitali wakakuta damu imepungua vibaya, na ultrasaundi ikaonyesha faibroidi. Kuna na endometriosisi, ambapo tishu inayofanana na utando wa kizazi inaota nje ya kizazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba inawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana walio katika umri wa kuzaa, na wengi hukaa miaka kabla ya kuambiwa wana nini. Damu ya zaidi ya siku 7, pedi kujaa ndani ya saa moja au mbili, maumivu yanayozidi kila mwaka au yanayoendelea hata hedhi ikiisha: hapo ni hospitali, si nguzo ya umeme.

Sasa kwa nini tunaenda kwenye nguzo? Mkandaji anakuuliza inauma wapi, tangu lini, na mama yako naye ilikuwa hivi? Anasikiliza. Kwenye zahanati niliyokwenda mimi niliulizwa kama nimeolewa, nikaambiwa "ukizaa yataisha", nikapewa panadoli, nikaonyeshwa mlango. Dakika tatu. Kabla hatujawacheka wanaotoa 120,000, tujue wanachonunua pale ni mtu wa kuwasikiliza.

Na nchi hii hedhi ikijadiliwa, inajadiliwa pedi. Serikali iliondoa VAT kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha 2019 kwa maelezo kwamba bei madukani hazikushuka, na tulibishana sana. Kuhusu maumivu, kimya. Majirani zetu Zambia, sheria inampa mfanyakazi wa kike siku moja ya mapumziko kila mwezi bila kudaiwa cheti cha daktari. Sisi hapa testi ukiikosa bila ED unapewa sifuri, na sijaona aliyepewa ED ya tumbo la hedhi. Najua kaka zangu watasema mtadanganya. Homa nayo inadanganywa, na ED za malaria zinatolewa kila siku.

Sisi wa elimu tunakwenda mazoezi ya kufundisha likizo ijayo. Huko tutakuta binti wa kidato cha pili kalaza kichwa kwenye dawati, wenzake wanasema ana chango, na mwalimu atakayeulizwa ni mimi au ni wewe kaka unayeruka kurasa hizi.

Ombi langu kwa serikali ya wanafunzi ni dogo. Kaeni na menejimenti, ED ya maumivu ya hedhi itambulike kwenye testi. Na Wizara yenu ya Afya, ambayo kila tarehe 28 Mei inachapisha fulana za Siku ya Hedhi, mwaka huu izipunguze, pesa hiyo imlete nesi hosteli jioni moja kila wiki, akae, aulize, asikilize. Fulana ya mwaka jana ninayo, bado haijachanika.