"Njoo Kesho" Ndiyo Inayomponza Mgeni wa Mjini

Imezuka tabia, hasa miongoni mwetu tuliobahatika kusoma, ya kumcheka mtu wa shamba aliyeibiwa mjini. Mkulima wa Ngana, wilayani Kyela, akishuka Dar es Salaam na kabla jua halijapanda hana mkoba wala simu, tunasema "mshamba huyo", na neno hilo likishatamkwa shauri limekwisha. Hakuna anayeuliza mwizi ni nani, wala mkulima yule alifuata nini huko. Tabia hiyo hapana budi ipingwe, na maneno haya wanaambiwa watumishi wa umma na walimu kuliko wezi, maana wezi hawana haja ya kushauriwa.

Safari yenyewe si ya mchezo. Kutoka Kyela hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900. Mwaka 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kwenda usiku baada ya marufuku ya miaka mingi. Msafiri akapata nafuu ya muda, lakini sasa huweza kushushwa saa nane za usiku mahali asipopajua. Tangu mwaka 2021 mabasi ya mikoani yanaishia stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, yapata kilomita 20 kutoka Kariakoo. Aliyefika mara ya mwisho wakati wa stendi ya Ubungo, ujuzi wake haumfai tena. Anaingia katika jiji ambalo sensa ya mwaka 2022 ilihesabu ndani yake watu zaidi ya milioni tano, na wa kwanza kumwita "mjomba" ni mtu ambaye tayari ameushika mzigo wake.

Kujihadhari kunafundishika, na kufundishwe. Anayefika usiku angoje ndani ya stendi hadi kupambazuke, penye taa na watu. Nauli ya bajaji au pikipiki ipatanwe kabla ya kupanda. Biskuti na soda ya jirani usiyemjua katika basi ikataliwe kwa adabu, kwani wapo walioamka mwisho wa safari wakiwa na nguo walizovaa tu. Simu isichezewe kandokando ya barabara, ambako vishandu hupita na pikipiki wakakwapua. Tangu huduma za kutuma fedha kwa simu zilipoanza nchini mwaka 2008, na wakulima wa kakao wakizoea malipo ya benki, hakuna sababu ya kufunga fedha za msimu mzima katika pindo la kanga. Kweli, simu nayo imeleta wezi wake, wale wa "ile hela itume kwenye namba hii". Usajili wa laini kwa alama za vidole haukuwamaliza.

Lakini aliyeyahifadhi yote haya kama sala bado ataibiwa, iwapo shauri la siku moja litamweka mjini siku tisa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo hili. Mtu wa Ngana haendi mjini kutazama maghorofa. Anampeleka mgonjwa wa saratani Ocean Road. Anafuatilia mafao ya marehemu baba yake. Kama ni mwalimu, huenda amekwenda Dodoma, mji usio wake vilevile, kuulizia daraja ambalo barua yake imekwama. Anafika mlangoni saa mbili asubuhi akiwa amevaa nguo zake bora, anaambiwa: njoo kesho. Kesho faili halionekani. Keshokutwa mhusika yuko semina.

Kwa mtumishi aliyelitamka, "njoo kesho" ni neno jepesi, kwani jioni atakwenda kwake. Kwa mgeni ni usiku mwingine wa kulipia. Usiku wa kwanza analala katika nyumba ya wageni yenye kitasa kizima. Usiku wa nne anahamia ya bei nafuu, kichochoroni. Siku ya sita, fedha zikiwa zimebaki za nauli, anasogelewa nje ya lango na kijana mtanashati aliyemwona akienda na kurudi, naye anamwambia kwamba anamfahamu mkubwa mmoja humo ndani. Tapeli huyo hakuvunja mlango wa mtu. Amesimama tu kando ya mlango tuliofunga sisi, na urasimu wetu ndio mtaji wake.

Wapo watakaosema kwamba ofisi zina kazi nyingi. Zinazo, lakini mtu mmoja akiitwa mara tano kwa shauri moja, kazi imezidishwa mara tano na aliyeizidisha ni ofisi yenyewe. Wapo pia watakaosema kwamba mtu wa shamba abaki shamba. Wazo hilo lina ukoo mrefu. Wakoloni waliwakamata Waafrika wasio na kazi Dar es Salaam na kuwarudisha bara. Mwaka 1983, katika kampeni ya Nguvu Kazi, tukawakamata wenyewe kwa wenyewe. Watu walirejea mjini kila mara, kwa sababu walichokifuata kilikuwa bado kiko mjini.

Wala watu wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa si wageni wa ugeni. Miaka ya 1930 walikwenda kuchimba dhahabu Lupa, kule Chunya. Wengine walifika migodi ya Copperbelt na ya Afrika Kusini. Ujanja haukuwatosha huko. Waliokolewa na wenzao waliotangulia, waliomlaza mgeni, wakamwonyesha njia, na kumzika alipokufa.

Leo mtalii wa kigeni ana ulinzi wake. Arusha kipo hata kituo cha polisi cha utalii na diplomasia. Si vibaya, analeta fedha. Ila mkulima wa kakao naye analeta fedha za kigeni, tena bila kupiga picha tembo.

Mwalimu mkuu anayempeleka kijana wa kidato cha sita chuoni, basi, na ampe jina na namba ya mtu wa kumpokea, pamoja na cheti. Na ofisi ikishindwa kumaliza shauri la mgeni siku aliyofika, imwandikie karatasi yenye muhuri, tarehe ya jibu na jina la mwenye faili, kisha imwache arudi Kyela na basi la siku hiyo. Jibu litamfuata kwa simu.