Safu ya Kabila katika Kitabu cha Wageni

Taifa letu lina sifa moja ambayo hata wakosoaji wake wakali huikiri: mtu aweza kutoka Kyela akahamia Bukoba, akafanya kazi, akaoa, akachaguliwa diwani na hatimaye akazikwa huko, bila kabila lake kuwa sharti la lolote kati ya hayo. Sifa hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Ilijengwa kwa maamuzi. Sensa ya mwaka 1967 ndiyo ya mwisho kuwahesabu Watanzania kwa makabila yao. Sensa zote zilizofuata, hadi ile ya Agosti 2022 iliyotuhesabu watu 61,741,120, hazikuliuliza swali hilo. Kadi ya NIDA haiandiki kabila. Pasi ya kusafiria haiandiki.

Yapo hata hivyo makaratasi machache ambamo swali hilo limesalia. Mojawapo ni hati ya mashtaka. Jingine, linalowagusa watu wengi zaidi kila usiku, ni kitabu cha wageni katika nyumba za kulala wageni. Hoja yangu leo ni kwamba safu hiyo haina kazi halali, na kwamba wakati wa kuifuta umefika.

Nieleze nilichokiona. Hivi karibuni nililala siku mbili Tanga, katika gesti ya kando ya barabara, mwendo mfupi wa bajaji kutoka stendi ya Kange. Sina lawama juu ya huduma. Kwa shilingi 20,000 nilipata kitanda kilichotandikwa vizuri, chandarua kisicho na tundu, feni, ndoo ya maji ya akiba, kipande cha sabuni na ndala za mpira. Jioni nilikwenda Raskazone kuoga baharini, nikarudi nikala wali kwa samaki kwa mama lishe aliye jirani. Msafiri wa kipato cha kawaida hana zaidi ya kudai. Gesti za namna hii ndizo zinazouweka wazi mji wa pwani kwa mwanafunzi anayefanya utafiti, kwa muuguzi aliyeitwa kwenye usaili na kwa karani ambaye posho yake haifiki mbali.

Jambo lilikuwa kaunta. Kitabu chenyewe ni kaunta buku iliyopigwa mistari kwa kalamu: tarehe, jina kamili, kabila, kazi, utokako, uendako, namba ya kitambulisho, namba ya chumba, saini. Kwa kuwa wote tunaandika katika ukurasa mmoja, kabla sijaishika kalamu nilikwisha kujua kwamba chumba cha 4 kina dereva aliyetoka Tunduma, na chumba cha 6 kina mwanamke aliye peke yake, kabila lake, kazi yake na mji anaokwenda kesho. Sikuvitafuta vitu hivyo. Vilikuwa mbele ya macho yangu, kama vitakavyokuwa mbele ya macho ya yeyote anayefuata.

Nilijaza safu zote isipokuwa ya tatu.

“Mwalimu, hapa kwenye kabila umeruka,” alisema binti wa mapokezi kwa adabu.

“Kabila linatumika kufanyia nini, binti yangu?”

“Sijui kwa kweli, mwalimu. Ndivyo tulivyokikuta kitabu. Wakija kukagua wakaona nafasi iko wazi, tunaulizwa sisi.”

Niliandika “Mtanzania”. Akacheka, akanipa ufunguo. Hakuna haki ya kumkasirikia binti huyu, kwa sababu ameirithi amri isiyo na mwenyewe. Swali ni letu sisi tunaotunga fomu, tunaozikagua na tunaozijaza bila kuuliza.

Tazameni pia nani anaulizwa. Katika hoteli kubwa za ufukweni, ambako wengi wetu tumewahi kuhudhuria warsha, mgeni hutoa kitambulisho, hujaza karatasi yake mwenyewe na kulipia. Karatasi hiyo haisomwi na mgeni anayemfuata. Aliyelipa mara kumi zaidi hununua, pamoja na kiyoyozi, ukimya juu ya maisha yake. Faragha imekuwa bidhaa ya wenye fedha, ilhali Ibara ya 16 ya Katiba haikuigawa kwa bei ya chumba.

Swali la kabila linaumiza zaidi likiulizwa Tanga, kwani mji huo una kumbukumbu yake. Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, na mwaka huohuo miche 62 ya mkonge iliyosalia hai baada ya safari ndefu kutoka Florida ilifikishwa huko. Mkonge ulihitaji mikono. Wakaletwa watu kutoka Kigoma, Songea, Iringa, Msumbiji, Rwanda na Burundi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda ofisi ya kuajiri vibarua, SILABU. Vibarua hao waliitwa manamba, jina lililotokana na namba walizopewa. Mwajiri alitaka kujua mambo mawili tu juu ya mtu: namba yake na kabila lake, ili ajue amtie kambi gani na amtarajie uvumilivu kiasi gani. Watoto na wajukuu wa manamba leo ni watu wa Tanga kama walivyo Wadigo, Wabondei na Wasambaa. Kuhoji kabila la mgeni mlangoni ni kuendeleza daftari la mnyapara baada ya mnyapara kuondoka.

Watetezi wa safu hiyo huja na hoja ya usalama, na hoja hiyo inastahili jibu. Mhalifu, wanasema, lazima ajulikane. Ni kweli, lakini mhalifu hutambuliwa kwa jina na namba ya kitambulisho, vitu ambavyo kitabu kinavyo tayari. Kabila halithibitishwi na waraka wowote, na mwongo huliandika apendavyo. Wengine husema mgeni akifia chumbani, kabila litasaidia kuwapata ndugu zake. Kama nia ni hiyo, namba ya simu ya ndugu mmoja itawapata kwa dakika tano. Kabila lenye watu mamia ya maelfu halina simu. Afisa mapato wa halmashauri naye, anayekagua ushuru, anahitaji idadi ya wageni na siku walizolala.

Wapo pia wasemao kwamba tunalikuza jambo dogo, kwamba kabila kwetu ni utani tu. Naupenda utani wa Wachaga na Wapare kama mtu yeyote. Ila utani ni mazungumzo ya watu wawili walioridhiana, nao huisha kwa kicheko. Orodha haicheki. Hubaki kabatini na kumngoja mtu mwingine mwenye shabaha nyingine. Jirani zetu wa Rwanda waliandikiwa kabila katika vitambulisho tangu miaka ya 1930, na kwa miaka mingi karatasi zile zilionekana kuwa za kiofisi tu. Mwaka 1994 zilisomwa vizuizini, na maelfu wakauawa kwa neno lililoandikwa humo. Sisemi gesti ni kizuizi. Nasema orodha hutungwa siku za amani, na aitungaye siye anayechagua itakavyotumika.

Sheria, kwa bahati njema, tunayo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa madhumuni mahususi na zisizidi zinazohitajika. Taarifa zinazofichua asili ya mtu kwa rangi au kabila imeziweka katika kundi la taarifa nyeti. Kaunta buku iliyo wazi kwa kila apitaye inapingana na mambo yote hayo.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu. Kwanza, Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi itoe fomu moja ya kitaifa ya mgeni, isiyo na safu ya kabila, na halmashauri ziisambaze pamoja na leseni. Pili, kila mgeni ajaze karatasi yake, na uwekwe muda wa kuihifadhi, kisha iharibiwe. Tatu, mkaguzi aandike jina lake, cheo chake na sababu ya kukagua. Anayesoma habari za raia naye asomeke.

Watumishi wa umma mnaosafiri kila mwezi mna nafasi ya pekee: ninyi ndio mnaolala humo, na baadhi yenu ndio mnaokagua. Wanafunzi wa sheria, hapa pana utafiti usiohitaji ufadhili. Nauli na usiku mmoja vinatosha. Na hadi fomu itakapobadilika, kila msafiri anaweza kuuliza kwa upole swali hili: linatumika kufanyia nini? Likiulizwa kaunta mia, litafika kwa mwenye mamlaka ya kulijibu.