Yatima Naye Adeke

Yatima hadeki. Ni maneno mawili tu, na kila aliyekulia katika Kiswahili ameyasikia, pengine akiambiwa mtoto aliyenuna kwa kunyimwa kitu. Wahenga waliona jambo la kweli. Mtoto mwenye wake akianguka hutazama kwanza kama mama anamwona, ndipo aangue kilio. Hukataa uji kwa kuwa umemiminwa kwenye kikombe cha kijani naye alitaka chekundu. Hudai abebwe ilhali miguu anayo. Anadeka kwa sababu yuko mtu mmoja ambaye anajua hatachoka naye. Aliyefiwa hujifunza upesi kunyamaza, kula anachopewa na kulala akiambiwa, nasi tunamsifu kwamba ana adabu.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma tafiti kuhusu malezi ya watoto walio katika mazingira hatarishi, na kila nisomapo narudi kwenye msemo huo. Watafiti kwa vipimo vyao wamefika palepale walipofika wahenga: mtoto hukua kwa kuwa na mtu wa kumdekea. Ndiyo maana leo nina ombi moja kwako, ndugu msomaji. Ule mchango tunaoupeleka kwenye vituo vya kulelea yatima siku za kuzaliwa, mwezi wa Ramadhani na wakati wa Krismasi, ule mchele, sabuni, mafuta ya kula na katoni za juisi, tuugeuzie njia. Uanzie kwenye nyumba iliyo karibu kushindwa kumlea mtoto wake, kabla mtoto huyo hajafikishwa kituoni.

Nianzie Kagera. Huko ndiko wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walikotambuliwa mwaka 1983, siku ambazo watu bado waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la nguo zilizokuwa zikivushwa mpakani kwa magendo. Kati ya 1991 na 1994 watafiti walipita katika vijiji na mitaa 51 ya mkoa huo, wakaandika habari za kaya zaidi ya 900: nani yu hai, nani anasoma, mtoto ana urefu gani. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta walewale, wengine wakiwa wamekwisha kuhamia Mwanza, Dar es Salaam na hata Uganda. Wakawachambua watoto 718 ambao mwanzoni walikuwa na baba na mama. Karibu mmoja kati ya kila watano alikuwa amefiwa na mzazi mmoja au wote wawili kabla ya kutimiza miaka 15. Waliofiwa na mama walikuwa wamepoteza karibu mwaka mzima wa masomo na sentimita 2 za urefu, na utu uzima wao uliwakuta na pengo hilo.

Sentimita mbili. Zipime kwenye kidole chako. Naziona ndani yake siku ambazo uji haukupikwa, na homa iliyofikishwa zahanati siku ya tatu kwa kuwa nauli haikupatikana mapema. Wengi wa watoto wa namna hiyo hawakutupwa na jamaa zao. Walichukuliwa na bibi, mama mkubwa, shangazi, mjomba. Upendo ulikuwapo, kilichopungua ni kibaba.

Tukimwona bibi ameelemewa, wazo la kwanza la wengi wetu ni kituo. Iko nchi iliyowaza hivyo kwa taifa zima. Nchini Romania, mtawala Nicolae Ceaușescu alipiga marufuku utoaji mimba mwaka 1966 ili idadi ya watu iongezeke. Familia zikazaa kuliko zilivyoweza kulisha, na serikali ikajenga majumba makubwa ya kuwalea watoto walioshindikana nyumbani. Alipoangushwa Desemba 1989, watoto zaidi ya 100,000 walikuwa katika majumba hayo. Wageni walioingia humo walishtushwa na ukimya. Vitanda vimepangwa safu kwa safu, vichanga wamelala ndani yake, na hakuna anayelia. Walikwisha kujifunza kwamba kilio hakimleti mtu.

Mwaka 2000 wanasayansi watatu kutoka Marekani, Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah, walianza utafiti mjini Bucharest na watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika majumba hayo, wengi wakiwa hawajafikisha miaka 2 na nusu. Kwa kura, nusu yao walipewa familia za malezi ya kambo, ambazo watafiti walizitafuta na kuzigharimia wenyewe kwa kuwa mjini humo zilikuwa adimu mno. Nusu nyingine waliendelea na malezi waliyokuwa nayo. Kura hiyo inauma kuifikiria. Watafiti wenyewe waliona uzito wake, wakakubaliana kwamba mtoto yeyote wa kundi la pili akipatiwa familia, utafiti usimzuie. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Science mwaka 2007 yalionyesha kwamba waliopata familia waliwazidi wenzao kwa uwezo wa akili, na kadiri mtoto alivyochukuliwa mapema, hasa kabla ya miaka 2, ndivyo alivyonufaika zaidi. Chakula na paa makundi yote yalikuwa navyo. Mwaka 2004 Romania ilipitisha sheria ya kuwaweka watoto wa chini ya miaka 2 katika familia badala ya taasisi, isipokuwa wenye ulemavu mzito.

Sisemi vituo vyetu ni Romania ya 1989. Nimeketi na kina mama walezi wenye mapenzi ya kweli, wanaofua, wanaopika, wanaoamka usiku kupima joto la mtoto asiye wa tumbo lao. Lakini tuhesabu pamoja. Mama mmoja ana watoto 12 kwa zamu ya mchana. Jioni anapokea mwingine. Mshahara ukichelewa anaacha kazi, anakuja wa tatu. Jumamosi wanafika wageni, wanambeba mtoto, wanapiga picha, wanaaga. Mtoto wa miaka 3 anayemrukia kila anayeingia getini na kumwita mama, sisi tunasema ni mchangamfu. Wanaosoma tabia za watoto huiogopa dalili hiyo, kwa maana mtoto mwenye wake humwonea haya mgeni kwanza. Hapa Tanzania pia, utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwalinganisha watoto walioingia kituoni kati ya kuzaliwa na miaka 4 na walioingia wakubwa zaidi. Walioanza wadogo walisimulia mateso mengi zaidi ndani ya malezi hayo, na afya yao ya akili ilikuwa imeumia zaidi.

Tena wengi tunaowaita yatima wana mzazi aliye hai au ndugu wa karibu. Kilichowafikisha vituoni ni umaskini, ugonjwa wa mama, ulemavu wa mtoto mwenyewe, au baba aliyeoa kwingine.

Haki inanidai niutaje na utafiti unaosema tofauti. Mwaka 2009 Kathryn Whetten na wenzake walichapisha matokeo kutoka nchi tano, zikiwamo Kenya, kule Bungoma, na Tanzania, mkoani Kilimanjaro. Waliwapima watoto wa miaka 6 hadi 12 waliofiwa au kutelekezwa, baadhi wakiishi vituoni na baadhi majumbani kwa jamaa. Hawakuona kwamba wa vituoni walikuwa na hali mbaya zaidi. Waendesha vituo huutaja utafiti huo, nao wana haki ya kuutaja. Nimeusoma mara kadhaa, na ninachokiona ndani yake ni onyo kwa watu kama mimi: jina la familia peke yake halimlei mtoto. Nyumba ya bibi aliyeachwa bila msaada haimshindi mlezi mwema wa kituo. Anayemtoa mtoto kituoni, akamshusha kwa shangazi mwenye njaa na kuondoka, amemwonea mara ya pili.

Wala nyumba zetu si salama zote. Mwaka 2009 Tanzania Bara na Zanzibar zilifanya uchunguzi wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, na matokeo yakatolewa hadharani mwaka 2011. Vijana wa miaka 13 hadi 24 waliulizwa yaliyowapata kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walisema walifanyiwa ukatili wa kingono. Karibu robo tatu, wasichana kwa wavulana, walikuwa wamepigwa kwa ngumi, mateke au mijeledi na jamaa, walimu au wenzi wao. Nchi nyingi hazikuwa na ujasiri wa kujiuliza maswali hayo. Sisi tulijiuliza, tukayachapisha majibu. Sasa kilichobaki ni kuishi kama watu waliosikia. Mtoto wa mpangaji mwenzako akipata alama za mkanda kila wiki, hilo ni lako pia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo.

Kuna la kutia moyo. Rwanda, nchi iliyojaza nyumba za yatima baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, ilifanya hesabu mwaka 2012 ikakuta watoto 3,323 katika vituo 33. Ikaanzisha mpango uitwao Tubarerere mu Muryango, yaani tuwalee katika familia. Watu wa kawaida wakajitokeza kuwa wazazi wa kambo, na taifa likawaita Malayika Murinzi, malaika walinzi. Kenya ilianza mwaka 2004 na kaya 500 za Nairobi, Kwale na Garissa, ikazipa fedha kidogo kila mwezi kwa ajili ya yatima waliomo. Mpango ulipokua, watafiti wakaufuata miaka kadhaa, wakakuta watoto wengi zaidi wakiendelea na sekondari, na wasichana wakichelewa kupata mimba. Fikiri: fedha zilipewa walezi ili wamudu kulea, na binti akapata miaka ya kuendelea kuwa mtoto. Kenya hiyohiyo, katika Sheria ya Watoto ya 2022, imeitambua kafala, malezi ambayo Waislamu wa pwani wameyajua siku zote: unamlea mtoto kama wako, naye anabaki na nasaba ya babaye.

Sasa kwako, mwanakikoba, mzee wa kanisa, imamu, meneja unayepanga siku ya kampuni kurudisha kwa jamii, na wewe uliye Muscat au Minneapolis unayetuma fedha nyumbani kila mwezi. Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri, uulize ni kaya zipi zinalea watoto waliofiwa au waliotelekezwa. Utashangaa zilivyo karibu. Na mara nyingi kinachohitajika ni kidogo na ni cha kurudiarudia: sare na viatu kila Januari, unga kila mwezi, kadi ya bima ya afya, mtu wa kumshika mtoto mwenye ulemavu asubuhi mama aende gengeni. Wakati mwingine ni miguu yako tu. Mtoto asiye na cheti cha kuzaliwa, ambaye shamba la marehemu baba yake linaliwa na baba wadogo, anahitaji mtu mzima wa kufuatana na bibi yake hadi RITA, wakala wa usajili, na mahakama ya mwanzo, na kukaa kwenye benchi mpaka waitwe.

Ukiwa na nafasi nyumbani na moyoni, omba malezi ya kambo kwa afisa ustawi wa jamii. Watakuja kukuona, watakuuliza mengi, na wana haki ya kuuliza. Ila nakuomba, usimchukue mtoto wa ndugu kijijini kwa ahadi ya kumsomesha kisha ukamkabidhi ufagio na mtoto wako mchanga. Huyo umemwajiri bila mshahara.

Nanyi mnaoendesha makao ya watoto, msinisome kama adui. Usiku wa leo yuko mtoto aliyeokotwa stendi ambaye hana pengine pa kulala ila kwenu, na milango yenu ibaki wazi kwa ajili yake. Ninachowaomba ni kuanza kesho yake asubuhi kutafuta ndugu zake, na kuwaambia wafadhili wenu waziwazi kwamba nusu ya fedha zao itakwenda kwenye nyumba ambako watoto watarudi. Wafadhili wengi hawajawahi kuambiwa.

Ukiona mtoto anateswa, namba ni 116. Kuipiga ni bure, Tanzania na Kenya pia. Na Jumamosi hii, kabla ya kupakia mchele kwenye gari kuelekea kituoni, piga hodi kwa yule bibi wa mtaani kwako anayelea wajukuu. Msalimie shikamoo, keti, mwulize anahitaji nini, kisha umsikilize mpaka amalize.